Wageni wa Nairobi na Shida ya Makao

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii ni sheria nzima ya ujirani katika maneno machache. Ndani yake mna haki mbili na wajibu mmoja. Mgeni ana haki ya kula na kulala kabla hajaulizwa anaweza kufanya nini. Kisha ana haki ya kupewa kazi ili asiwe mzigo wala asidharauliwe. Naye ana wajibu wa kuishika kazi hiyo apewapo. Atakayeichunguza historia ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo kwa jumla Eastlands, ataona jinsi mji ulivyoipindua methali hii. Ulimpa mgeni jembe siku ya kwanza, ukamnyima kitanda. Na siku jembe lilipovunjika ukamwambia kwamba kwao si hapa.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba mji wa Nairobi wenyewe ni mgeni. Kabla ya mwaka wa 1899 palikuwa na malisho na kijito ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Katika mwaka huo reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapo, na mahema ya wajenzi yakageuka kuwa mji. Waliokuja nyuma ya reli walitoka pande nyingi: Wahindi waliotandaza vyuma, Waswahili wa pwani, Wanyamwezi wa Tanganyika, Wamanyema wa mashariki ya Kongo waliokuwa wapagazi wa misafara, na watu wa nchi jirani za bara. Wengine walikuja kwa hiari, wakitafuta biashara. Wengi zaidi walisukumwa. Kodi ya nyumba ilianzishwa mwaka wa 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka wa 1910. Zote zilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha aghalabu ilipatikana kwa kuuza nguvu za mikono. Pamoja na hayo, ardhi kubwa ilichukuliwa na walowezi, hata wako waliotoka makwao kwa kuwa makwao palikuwa pamekwisha kuwa pa mwingine.

Je, watu hawa walilala wapi? Serikali haikuwajengea, kwa hiyo walijijengea. Vikatokea vijiji vya udongo na mabati pembezoni mwa mji: Pangani, Mji wa Mombasa, na kimoja ambacho jina lake lilikuwa Maskini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kambi yao katika Nairobi iliacha jina la Kariokor, kama ile ya Dar es Salaam ilivyoacha jina la Kariakoo. Miji miwili ya nchi mbili ina mtaa wenye jina moja, kwa sababu mzigo uliobebwa ulikuwa mmoja.

Katika vijiji hivyo palizuka desturi iliyostahili sifa kuliko sheria nyingi za wakati ule. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na miongoni mwao wanawake walikuwa wengi; baadhi yao waliachwa na waume au walikosa urithi wa ardhi makwao. Mgeni asiye na jamaa alipanga chumba, akajifunza lugha ya Kiswahili, na mara nyingi akaingia katika dini ya mwenye nyumba. Kijana au msichana aliyekuja mikono mitupu aliweza kuwa mtoto wa nyumba, akamzika mwenye nyumba na kumrithi. Hivyo watu waliokosa ukoo waliunda ukoo mpya. Lakini mji haukuihesabu desturi hiyo kuwa kitu. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1920 vijiji vilianza kubomolewa, na watu wakahamishiwa Pumwani, mtaa uliopangwa na baraza la mji. Pangani, kilichobaki mwisho, kilivunjwa kabisa mwaka wa 1939, na wakazi wake wakaelekezwa Shauri Moyo, mahali ambapo nyumba zilikuwa mali ya baraza. Nyumba za Pangani zilikuwa duni, hilo si uongo. Walakini zilikuwa na jambo moja ambalo nyumba nyingi zilizofuata zilikosa. Mkazi hakufukuzwa kwa sababu amepoteza kazi.

Kwa maana hiyo ndiyo nadharia iliyoutawala mji kwa miaka mingi: Mwafrika ni mgeni wa mjini, kwao ni kijijini. Kutokana na nadharia hiyo yalitoka mambo matatu. Kwanza, ujira ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja, kama kwamba mke na watoto wangelishwa na shamba la mbali. Pili, nyumba nyingi zilijengwa kwa ajili ya mwanamume aliye peke yake, vitanda vikapangwa katika chumba kimoja kama magunia ghalani. Tatu, asiye na kazi hakuwa na sababu ya kuwapo. Kuanzia mwaka wa 1920 hivi mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, hati iliyowekwa ndani ya kibweta cha chuma na kuvaliwa shingoni. Baadaye kanuni za mji zilimpa mtafuta kazi saa 36 tu. Linganisha, msomaji, saa hizo na methali yetu: mwanakijiji maskini alimpa mgeni siku mbili, na mji wenye benki na magari ulimpa siku moja na nusu. Saa hizo zilipokwisha, mtu aliweza kukamatwa katika msako wa alfajiri kwa kosa la uzururaji. Umaskini ukawa jinai.

Hapa yapaswa kufikiriwa jambo moja ambalo ni kiini cha shida yote. Wakati wa utawala wa Waingereza mfanyakazi aliweza kutoka Uganda au Tanganyika akaingia Kenya pasipo kizuizi kikubwa, kwa kuwa waajiri walihitaji mikono. Tangu mwaka wa 1948 shirika moja la reli na bandari lilihudumia nchi zote tatu. Wafanyakazi wake katika Nairobi waliwekwa Muthurwa, Makongeni na katika nyumba za reli zilizoacha jina kwa barabara ya Landhies. Zilikuwa nyumba imara kuliko vibanda vya matope. Lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungwa pamoja na kadi ya kazi. Mtu aliyeumia mguu, aliyezeeka au aliyegombana na msimamizi wake alipoteza ujira na paa kwa siku moja. Mwenye jamaa wa karibu alikimbilia kwao. Aliyetoka mbali, na ambaye nauli ya kurudi ilimshinda, alibaki akilala kwa rafiki chini ya kitanda, kisha barazani, kisha nje. Uhuru wa kusafiri ulikuwa uhuru wa kuja. Haukuwa uhuru wa kukaa.

Serikali yenyewe ilikuja kukiri sehemu ya ukweli huu. Mwaka wa 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya ujira wa Waafrika. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa kazi za serikali, walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima ya maisha. Tazama vizuri: hao ni watu wenye kazi. Ikiwa mwenye kazi hakutosheka, hali ya asiye nayo haihitaji maelezo.

Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, majeshi yaliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil, wakati wa vita vya Mau Mau. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa katika mitaa hii wakapelekwa kizuizini, na jamaa zao wengi wakarudishwa vijijini. Watoto waliopoteza wazazi au mashamba walirejea mjini kidogo kidogo na kulala katika mitaro na masoko. Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo, mwezi wa Novemba 1959, Geoffrey Griffin pamoja na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe, kikiwa na vibanda viwili vya mabati. Kituo hicho kikakua kuwa moja ya shule mashuhuri za Kenya. Nacho kilianza na kile ambacho mji ulikuwa umekataa kutoa: mahali pa kulala kwanza, masomo baadaye.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 wengi walitumaini kwamba neno "mgeni" lingefutika katika Afrika Mashariki. Mwaka wa 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1970 serikali ya Uganda iliwaamuru wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi maalumu kuondoka, na maelfu ya Wakenya, wengi wao Wajaluo, walirudi na mizigo yao michache. Mwaka wa 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka wa 1983, na shirika la reli likagawanywa. Mtu aliyekuwa jirani kwa miaka ishirini aliamka akiwa mgeni, naye hakuwa amesogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliosogea.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka wa 1999, na soko la pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010. Raia wa nchi wanachama waliahidiwa haki ya kusafiri, kufanya kazi na kukaa katika nchi nyingine. Ni jambo jema na kubwa. Lakini itifaki hiyo ina ibara, nayo ni ya 15, isemayo kwamba matumizi ya ardhi na majengo yatafuata sera na sheria za kila nchi. Yaani mlango wa nchi umefunguliwa kwa pamoja, na mlango wa nyumba umeachiwa kila mmoja. Katika pengo hilo huanguka walio dhaifu. Mwaka wa 2022 wanahabari walifichua jinsi watoto wenye ulemavu walivyotolewa Tanzania kwa ahadi za uongo, wakatumikishwa kuomba katika barabara za Nairobi, na fedha zao kuchukuliwa jioni. Katika Eastleigh, mtaa ulioanza miaka ya 1920, maelfu ya Wasomali waliotoroka vita baada ya mwaka wa 1991 walijenga biashara kubwa. Walakini mwezi wa Aprili 2014 maelfu walikamatwa katika msako, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Somalia imekwisha kuwa mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka wa 2024, lakini kumbukumbu za uwanja ule hazifutwi na saini.

Wala tusidhani kwamba ni Afrika peke yake iliyoshindwa na fumbo hili. Mkataba wa Roma wa mwaka wa 1957 uliwaahidi wafanyakazi wa Ulaya uhuru wa kuvuka mipaka. Nchi kumi zilipoingia katika Umoja huo tarehe 1 Mei 2004, Wapolandi wengi walikwenda Uingereza kufanya kazi, na wengi walifanikiwa. Lakini sheria iliwataka wajiandikishe na kufanya kazi miezi 12 mfululizo kabla ya kupata misaada kadhaa ya serikali. Aliyepoteza kazi mapema alipoteza na chumba, na baadhi yao walilala katika barabara za London, wakiona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Baadaye serikali ikajaribu kuwarudisha makwao watu wa Ulaya waliolala nje, mpaka mahakama mwezi wa Desemba 2017 ikaamua kwamba mwenendo huo ulikuwa kinyume cha sheria. Rangi na bahari ni tofauti. Hoja ni ile ile ya Landhies: njoo na mikono yako, uache mwili wako nyumbani.

Nchini Kenya sheria imeanza kugeuka. Sheria ya uzururaji iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ilifutwa mwaka wa 1997. Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata makazi ya kufaa. Nayo yasema "kila mtu", wala haisemi kila raia. Wakazi wa Muthurwa, katika nyumba zile zile za reli, walipotakiwa kuondoka mwaka wa 2010, walikwenda mahakamani. Na mwezi wa Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja tangu kufika kwa reli kusikia neno hilo.

Mwanafunzi apitaye Eastlands ataona mtaa uitwao Mbotela. Umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952. Ukoo wake ulitokana na watu waliookolewa katika utumwa na kukaribishwa Freretown, karibu na Mombasa. Watu hao hawakuwa na ardhi, wala jamaa, wala njia ya kurudi walikotoka. Kwanza walipewa mahali pa kukaa, kisha shule na kazi. Mjukuu wao akawa kiongozi katika Nairobi, na leo maelfu ya watu hutaja jina lake waelezapo wanakokaa. Waliomkaribisha babu yake hawakuweza kujua hayo. Wala mji wowote hauwezi kujua ni nani alalaye nje usiku huu.