Mtoto wa jicho kwenye taa za gari

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze plastiki.

Nilikuwa natoka Eldoret usiku, narudi nyumbani Nakuru. Nimeshapita Timboroa, nimepita Mau Summit, sasa nateremka Sachang'wan kuelekea Salgaa. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa: mteremko mrefu, malori mbele na malori nyuma. Taa zangu zote mbili zilikuwa zinawaka, tena kwa balbu mpya, lakini mbele yangu nilipata mwanga kama wa koroboi. Mkokoteni wa punda niliuona ukiwa umeshakuwa karibu mno. Nilikanyaga breki, gari likayumba, lori la nyuma likapiga honi ndefu, na mwenye punda wala hakugeuka. Nilisimama Salgaa kunywa chai, nikashindwa kushika kikombe vizuri.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wangu wa jua kali pale Bondeni. Hakufungua hata boneti. Aliinama, akagonga taa kwa ukucha, akaniambia: "Kijana, taa zako zina mtoto wa jicho. Hata uweke jua humo ndani, mwanga hautatoka."

Pembeni pake palikuwa na Land Rover kuukuu, bodi imeoza hadi unaona ardhi kupitia mlango, lakini macho yake mawili ya duara yalikuwa maangavu kama ya mtoto mchanga. Nikauliza, Mzee, mbona hiyo haijapatwa?

"Ile ni kioo. Yako ni plastiki."

Sote bado tunasema "kioo cha taa", ilhali kioo kiliondoka zamani na kutuachia jina tu. Kiliondoka lini, na nani alikiondoa? Nimesoma wiki mbili nzima kutafuta jibu.

Kuanzia magari ya mwaka 1940, Marekani ilikubaliana juu ya umbo moja la taa: duara la inchi 7, kioo na kiakisi na waya wa kuwaka vyote vimezibwa pamoja kama chupa. Waya ukiungua, unatupa taa nzima na kuweka nyingine. Inaonekana ni uharibifu, lakini hebu fikiria: kila taa ikifa, unapata kioo kipya na kiakisi kipya, na taa hiyo ni ile ile kwa Ford, kwa Chevrolet, kwa gari la jirani. Mwaka 1957 ziliruhusiwa taa nne ndogo badala ya mbili kubwa, na katikati ya miaka ya 1970 zikaja za mstatili. Ulaya walishika njia yao, kioo chenye balbu ya kubadilisha, lakini duara la inchi 7 lilienea huko pia, na ndilo lililokuja kwetu na Land Rover za miaka ya 1960. Kwa sisi waandishi wa programu hiki ni kitu tunachokijua na kukiota: kiwango kilicho wazi. Mwenye duka la spea hakuwa na haja ya kukuuliza gari lako ni la mwaka gani.

Hata magari ambayo hayakufuata duara yalibaki na kioo. Peugeot 504, ile iliyobeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi kwa miaka mingi na kushinda Safari Rally mwaka 1975, na tena 1978 kwa umbo la coupé, ilikuwa na taa za kioo. Jiwe likirushwa na gari la mbele kioo kilipasuka, ndiyo, na ndiyo maana wengi walifunga wavu mbele ya taa. Lakini kioo hakikuzeeka.

Kilichobadilisha mambo ni mafuta. Baada ya bei kupanda mwaka 1973 na tena 1979, watengenezaji walianza kutafuta magari yanayokata upepo kwa urahisi, na taa bapa iliyosimama wima ni kama kushika sahani nje ya dirisha. Ford iliomba ruhusa ya kutumia taa zenye umbo la gari lenyewe. Serikali ya Marekani ilikubali mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa ya kwanza kuuzwa huko nazo. Kioo hakipendi kukunjwa kufuata mashavu ya gari. Plastiki haina kinyongo. Tena ni nyepesi: gramu 1.2 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, wakati kioo kina kama 2.5.

Plastiki yenyewe inaitwa polikaboneti, na nyote mmeishika mkononi. Mwaka 1953 Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric, Marekani, waliipata kila mmoja kivyake, wakipishana kwa siku chache tu. Husimuliwa kwamba ya Fox iliganda kwenye kijiti cha kukorogea, na wenzake wakawa wanakitumia kama nyundo. Hataza ikaangukia Bayer. Baadaye plastiki hiyo ikawa kofia za wanaanga wa Apollo, na kuanzia 1982 ikawa CD. Taa ya gari langu na ile CD ya Windows iliyochakaa kabatini kwenu ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa shida yake. Polikaboneti haivunjiki, lakini inakwaruzika kirahisi, na miale ya urujuanimno ya jua huvunja viungo vya molekuli zake hadi inageuka njano. Wahandisi walilijua hilo tangu mwanzo. Dawa yao ni utando mgumu unaopakwa juu ya lenzi kiwandani, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio unaopigwa na jua badala ya plastiki. Kanuni za Marekani hudai plastiki ya taa ijaribiwe nje, juani, Florida na Arizona, kwa miaka 3.

Miaka 3! Nilipofika hapo nikacheka peke yangu. Magari yetu mengi hutoka Japani, ambako kuna kanuni nyingine, lakini plastiki ni ile ile. Na kwa mujibu wa kiwango cha Kenya KS 1515:2000, gari kuukuu linaruhusiwa kuingia likiwa halijazidi miaka 8. Kwa hiyo linashuka Mombasa wakati utando umeshatumika zaidi ya nusu ya maisha yake, kisha sisi tunaliendesha miaka mingine 10 au 15. Langu ni la 2008. Utando ule uliwekwa kwa ajili ya mwenye gari wa kwanza. Mimi ni wa tatu au wa nne, na nilichorithi ni kivuli chake.

Halafu kuna jua la hapa. Watu husema jua kali ni la Mombasa, kwa sababu ya joto. Lakini joto si miale. Shirika la Afya Duniani linasema miale ya urujuanimno huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, Ikweta ikiwa Mogotio pale, mwendo mfupi tu. Asubuhi tunavaa sweta huku taa zetu zinaungua.

Turudi kwa gari. Taa mpya ya kampuni kwa gari langu ilikuwa ghali kuliko kodi yangu ya nyumba ya mwezi, tena hiyo ni moja, na haiingii gari lingine lolote. Duara la inchi 7 limekufa, kila toleo lina taa yake. (Nyingi za LED za siku hizi zimezibwa tena kama za 1940. Tumerudi tulikotoka, ila safari hii bila kiwango cha pamoja.)

Nikajaribu Colgate. Msicheke. Waliokulia kwenye enzi za DVD wanakumbuka: filamu ikikwama, unapaka Colgate, unasugua kutoka katikati kwenda nje, unasuuza, unaomba Mungu. Na ilifanya kazi, kwa sababu dawa ya meno ina unga laini wa kusaga. Baadhi ya unga wa aina hiyo hutoka jirani na sisi. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, unaona mlima mweupe unaochimbwa: ni daiatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale lililofunika eneo hili, na duniani hutumika kwenye vichujio na pia kwenye dawa za kung'arisha vyuma. Nimepita hapo mara ngapi bila kujua napita kwenye msasa wa asili!

Taa zikang'aa. Nikapiga picha, nikajigamba. Baada ya wiki tatu mtoto wa jicho akarudi, tena mbaya zaidi kuliko mwanzo. Nilichosugua kilikuwa mabaki ya ule utando, na chini yake plastiki ikabaki uchi.

Fundi alisikiliza hadithi yangu, akatikisa kichwa, akaanza kazi. Alibandika utepe kuzunguka taa ili asiguse rangi ya bodi. Msasa namba 800 na maji mengi, na hapo usiogope: taa inakuwa nyeupe kama uji, na maji yanayotiririka ni ya njano. Hiyo njano ndiyo ugonjwa. Akaendelea hadi isitoke tena. Kisha 1500, kisha 2000, kila mara akibadilisha mwelekeo wa mkono ili mikwaruzo ya kwanza ionekane na kufutwa. Kisha dawa ya kung'arishia rangi ya gari, kwa kitambaa laini. Akaosha, akakausha kabisa, na mwisho akapulizia kile mafundi wanachokiita kliya, aina yenye kinga ya jua, tabaka mbili. Saa mbili na nusu. Kliya ndiyo kazi, alisema, hayo mengine ni kufua tu. Na usipulizie bila kujifunika pua. Kuna wanaotumia mvuke wa dawa inayoyeyusha plastiki. Inang'aa upesi kweli, lakini hizo ni kemikali kama klorofomu, usiziweke karibu na mapafu yako.

Je, inarudi kuwa mpya? Hapana. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018: taa zilizochakaa zilitoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya, na zikisafishwa zilifika karibu 70. Mpya ya kampuni ndiyo hurudisha mwanga wote. Lakini kutoka 20 kwenda 70 ni kumwona punda mapema.

Nimeshapita Sachang'wan usiku mara mbili tangu hapo. Sasa ni mwezi wa tano. Taa ya kushoto, pembeni juu, naona kama kuna ukungu kidogo, na siku hizi ofisini nawahi asubuhi ili nipate ile nafasi ya kuegesha chini ya mjakaranda.