Maji Matamu na Kukaa kwa Miji



Yatupasa sisi watu wa Lamu kujua kwa nini wahenga walijenga hapa wakapaacha pale. Wengi husema kuwa miji ya pwani ilizaliwa na bandari. Ni kweli, lakini si kweli yote. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ilikuwa na hori la kuingizia vyombo, ukuta imara na msikiti mzuri. Hata hivyo, mnamo mwisho wa karne ya 17 wenyeji waliihama. Mapokeo yasema kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi, nao wakavuka mlango wa bahari hadi Shela.

Huko Shela mvua huzama katika vilima vya mchanga, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi. Hayo ndiyo yalijaza visima vya Shela na vya mji wa Lamu. Yakitekwa kupita kiasi, au vilima vikijengwa majumba, chumvi hupanda.

Basi tuvilinde vilima hivyo. Tukivipuuza, wajukuu wetu watahama kama watu wa Takwa, wala hawatakuwa na Shela ya kuvukia.