Spika ndogo na amplifaya: wati peke yake hazimtoshi mwagizaji wa Kampala

KAMPALA – Mfanyabiashara anayeleta Kampala spika ndogo za kuweka rafuni pamoja na amplifaya zake anatakiwa kusoma namba tatu kabla hajalipa: omu, desibeli na volti. Wengi husoma moja tu, yaani wati, ambayo kwenye katoni ndiyo hutiwa chumvi zaidi.

Kosa hilo lina gharama. Mzigo ukishashuka Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala, hakuna njia rahisi ya kuurudisha Dubai au Guangzhou. Mteja akirudisha spika iliyoungua, hasara hubaki dukani.

Wati za katoni

Wati zinazofaa kulinganishwa ni zile za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Zile za PMPO hazina kipimo kimoja kinachokubalika kimataifa. Kila kiwanda hupiga hesabu yake.

Ukaguzi wake ni rahisi. Nyuma ya amplifaya huandikwa kiasi cha umeme inachotumia. Inayovuta wati 60 kutoka ukutani haiwezi kutoa wati 2,000 kwenye spika, hata katoni iseme nini.

Desibeli

Hiki ni kipimo cha sauti inayotoka kwenye spika kwa wati 1, ikipimwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi ndogo huwa kati ya desibeli 84 na 90. Kila wati zinapoongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu.

Kwa hesabu hiyo, spika ya desibeli 86 hufikia 98 kwa wati 16. Ile ya desibeli 89 hufika hapo hapo kwa wati 8. Sauti hiyo ni kubwa mno kwa mpangaji wa chumba kimoja, ambacho Kampala huitwa muzigo. Chumba cha mita 3 kwa 4 hutoshelezwa na wati 20 hadi 50 za RMS kwa kila upande. Anayelipia wati 100 badala ya 50 ananunua desibeli 3 tu za ziada.

Omu

Spika huandikwa omu 4, 6 au 8. Amplifaya nayo huandikwa, karibu na matundu ya waya za spika, kiwango cha chini inachokubali. Iliyoandikwa omu 6 hadi 16 ikifungwa spika za omu 4, mkondo wa umeme huzidi, chombo hupata joto na kinaweza kujizima au kuungua. Spika za omu 8 kwenye amplifaya inayokubali omu 4 ni salama, ila nguvu hupungua.

Muuzaji amtahadharishe pia mteja anayeongeza spika. Mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye upande mmoja huwa omu 4.

Hata amplifaya ndogo inaweza kuunguza spika. Ikifunguliwa hadi mwisho, sauti hukwaruza, na umeme wa ziada huishia kwenye tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Anayesikia mkwaruzo apunguze sauti mara moja.

Volti

Umeme wa Uganda ni volti 240, hezi 50. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni 120. Isipokuwa na swichi ya kubadilisha volti, inahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei. Ikichomekwa moja kwa moja, huungua.

Kuziweka chumbani

Spika ikigusa ukuta au ikiwekwa kwenye kona, besi huvimba na maneno hayasikiki vizuri. Kuisogeza sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani husaidia, hasa kama ina tundu la hewa kwa nyuma. Tuita iwe usawa wa masikio ya aliyeketi. Chumba cha mraba cha mita 3 kwa 3 hukuza besi ya karibu hezi 57. Pazia zito na kitanda hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini si besi hiyo.

Forodha na safari

Spika mbili au zaidi ndani ya kasha moja, kama wufa na tuita, huingia kwenye namba ya forodha 8518.22. Amplifaya peke yake ni 8518.40, na seti yenye redio ndani huangukia 8527. Maelezo ya ankara yafanane na kilichomo kwenye katoni. Uganda hutoza VAT ya asilimia 18 juu ya ushuru wa forodha, na vifaa vya umeme hukaguliwa chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) kabla ya kusafirishwa.

Cheti rahisi cha uasilia cha Afrika Mashariki, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Spika ya China iliyonunuliwa Nairobi haipati nafuu hiyo Malaba wala Busia.

Kwa msafirishaji, adui mkubwa ni maji. Makasha mengi ya spika ni ya mbao za unga uliogandamizwa, ambazo zikilowa huvimba na hazirudi. Katoni zifunikwe turubai hata wakati wa kusubiri mpakani, amplifaya zenye transfoma zikae chini, na spika zisilaliwe na mzigo mzito.

Kabla ya kulipia kontena, mwagizaji aombe picha ya mgongo wa amplifaya na wa spika. Namba zote tatu zikisomeka na kulingana, ndipo atume fedha.