Jina Asiya: Je, Maana Yake ni Muasi?

Miongoni mwa majina ya kike yanayowatia wazazi wasiwasi ni hili la Asiya. Wengine huliandika Asia, wengine Asya, na kwa waliozoea maandishi ya Kifaransa utalikuta Assia. Mzazi husikia katika darsa kuwa Mtume (s.a.w.) alilibadilisha jina hilo, naye binti yake anaitwa hivyo na yuko shule tayari. Afanye nini?

Hadithi yenyewe ni sahihi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa hivyo akamwita Jamila, yaani mzuri. Mapokezi mengine yanasema alikuwa binti wa Umar bin Khattab (r.a.). Lakini jina la mwanamke huyo linaandikwa kwa herufi ayn na swad. Mzizi wake ndio huo huo uliotupa sisi maneno kuasi, uasi na maasi. Wanazuoni wameeleza kuwa Waarabu wa zama za ujahilia walilipenda kwa maana ya mtu asiyekubali kuonewa. Uislamu ulipokuja, mwenye kuitwa muasi akaonekana kama anamuasi Mola wake.

Jina la mke wa Firauni ni jina jingine kabisa. Lake linaanza na alif yenye madda, kisha sin. Kwa Kiarabu mzizi huo una maana ya kutibu jeraha na kuliwaza mwenye huzuni. Muasi na muuguzi, basi! Tatizo ni masikio yetu, si jina. Kiswahili hakina ayn wala swad. Wazee walipokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jicho liliweza kuona tofauti. Herufi za Kilatini zilipotawala mashuleni na maofisini, majina mawili yakawa moja. Na bara la Asia nalo, ambalo jina lake limetoka kwa Wagiriki, likaongeza utani darasani.

Sasa huyo Bi Asiya ni nani? Qur'ani haimtaji kwa jina, inasema tu mke wa Firauni. Jina Asiya binti Muzahim tumelipata katika hadithi. Katika Suratul Qasas, aya ya 9, ndiye aliyemzuia Firauni asimuue mtoto Musa (a.s.) aliyeokotwa mtoni, akitaraji kuwa huenda atawafaa au wamfanye mwana wao. (Katika Biblia, aliyemwokota ni binti wa Firauni.) Tukumbuke kuwa wakati ule watoto wa kiume wa Wana wa Israili walikuwa wakichinjwa kwa amri ya huyo huyo mumewe.

Katika Suratut Tahrim, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anamfanya mfano kwa walioamini wote, wanaume na wanawake, baada ya kuwataja wake wa Nuhu na Lut ambao ndoa zao na Mitume hazikuwafaa kitu. Mwanamke aliyekaa katika jumba la mfalme anaomba ajengewe nyumba Peponi karibu na Mola wake, kisha ndipo anaomba aokolewe na Firauni na vitendo vyake. Wafasiri wanasimulia kuwa aliteswa juani mpaka akafa. Kwa hiyo kama kuna aliyeasiwa katika kisa hiki, ni Firauni, aliyedai kuwa yeye ndiye mola.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kuwa wanaume wengi walikamilika, na katika wanawake wakatajwa Asiya na Maryamu binti Imrani.

Basi aliyemwita mwanawe kwa kumkusudia Bi Asiya hana haja ya kubadilisha cheti. Kwa mtoto anayezaliwa leo, mimi naona ni bora kuandika Asiya kuliko Asia, ili asichanganywe na bara. Na kwenye daftari la madrasa, mwalimu amfundishe binti mwenyewe kuliandika kwa Kiarabu: alif yenye madda, sin, ya, na ta marbuta.