Kifurushi Hiki Kimeundwa Wapi?

Anayesakinisha programu kwenye Linux huamini mambo mawili kwa mpigo: kwamba msimbo wenyewe ni mwema, na kwamba kifurushi alichopakua kimetokana na msimbo huohuo, si mwingine. Jambo la kwanza limejadiliwa sana. La pili ndilo linalozitofautisha jamii za Linux, maana kila moja ina desturi yake kuhusu mahali pa kuundia kifurushi na nani akiunde.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, iliweka imani yake kwa mtu. Anayetaka kuwa mwanachama hukutana ana kwa ana na waliomtangulia, huonyesha kitambulisho, nao huutia saini ufunguo wake wa kidijitali. Tangu hapo kila anachowasilisha hubeba saini yake. Kwa miaka mingi aliweza kuunda kifurushi kwenye kompyuta yake mwenyewe na kukileta kikiwa tayari. Kazi ya seva za Debian ikawa kuunda nakala za prosesa nyingine tu. Naiheshimu desturi hii, kwa sababu ndani yake kila programu ina mwenyewe, mtu wa kuulizwa na kujibu. Tatizo ni kompyuta yake. Ina maktaba aliyoiweka mwaka juzi akaisahau, ina faili aliyoirekebisha kwa dharura. Kifurushi kinaundika kwake bila shida, kisha kwa mwenzake kinagoma, na chanzo hakionekani popote.

SUSE ya Ujerumani ilishika njia nyingine. Mwaka 2006 ilitangaza huduma ya pamoja ya kuunda vifurushi, ambayo leo inaitwa Open Build Service. Humo mtu hapeleki kifurushi. Anapeleka msimbo pamoja na faili ya maelekezo, basi. Anachagua distro (mifumo ya Linux) anazozilenga, iwe openSUSE, Fedora, Debian au Ubuntu, na aina za prosesa, kisha seva zinaanza kazi. Kila kazi hufanyika ndani ya mazingira mapya matupu, ambamo huingizwa tu vile vilivyotajwa kwenye maelekezo na vitu vya msingi vya distro husika, huku intaneti ikiwa imefungwa. Ukisahau kutaja maktaba moja, kazi inakwama, na kumbukumbu zake zinakuonyesha ilipokwamia. Yale yote yaliyokuwa siri ya kompyuta ya mtu mmoja sasa lazima yaandikwe, na kilichoandikwa kinasomeka na yeyote.

Kuna uwezo mwingine ambao kwangu una uzito zaidi. Maktaba moja ikibadilika, huduma huvitambua vifurushi vyote vinavyoitegemea na kuviunda upya yenyewe. Aliyebadilisha maktaba anaona ni vipi vimeharibika kabla mtumiaji yeyote hajaguswa. Na mgeni asiye na cheo chochote anaweza kuchukua nakala ya kifurushi cha wengine, akakirekebisha katika mradi wake, kisha akatuma ombi ili wenyewe walipime. Mtu mwenye kompyuta dhaifu, awe Mbeya au Kisumu, anatuma faili chache tu. Mzigo wa kuunda unabebwa na seva. Hadi mwaka 2023, Gentoo haikukupa nafuu hiyo. Kwa asili yake, kila mtumiaji aliunda programu kwenye mashine yake, kwa umeme wake na saa zake. Hazina ya watumiaji wa Arch nayo hutoa maelekezo tu, na ni jukumu lako kuyasoma kabla ya kuyatekeleza.

Nisiipambe huduma hii kupita kiasi. Ahadi ya distro nyingi ina jasho lake: maktaba moja ina jina hili openSUSE na jina lile Fedora, hivyo maelekezo hujaa masharti, na Debian inahitaji maelekezo ya muundo wake kabisa. Tena, saini inayotiwa hapo ni ya ufunguo wa mradi ulio kwenye seva. Hailetwi na mtu uliyemwona kwa macho.

Debian yenyewe ilisogea. Mwaka 2019 wasimamizi wake wa matoleo walitangaza kwamba kifurushi kilichoundwa kwenye kompyuta ya mwanachama hakitaingia tena katika toleo lililofuata. Lazima kiundwe upya na seva zao. Saini ya mtu ikabaki kwenye msimbo.

Ndipo ikaja Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri ndani ya maktaba ya kubana data ya XZ, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza, aliyejiita Jia Tan, alikuwa ameijenga imani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Na mtego huo ulikagua kwanza kama XZ inaundwa kuwa kifurushi cha Debian au cha RPM, muundo wa openSUSE na Fedora. Kama sivyo, ulitulia. Uliandikwa kwa ajili ya huduma hizihizi za kuunda. Debian ya majaribio na Tumbleweed ya openSUSE zote ziliupokea. Mazingira matupu yaliunda kwa uaminifu kile yalichopewa.

Sehemu muhimu ya mtego ilikuwa kwenye faili iliyobanwa ya toleo tu. Kwenye hazina ya Git, ambako wasomaji huangalia, haikuwepo. Kwa hiyo nasimama upande wa wanaotaka vifurushi vianzie Git moja kwa moja. Open Build Service tayari ina njia ya kuchota msimbo huko kwa alama ya toleo inayotajwa waziwazi, na ningependa iwe sharti kwa kila maktaba inayogusa uingiaji wa mfumo, hata kama itawachelewesha wanaosubiri toleo jipya.