Unasihi wa lishe
Unasihi wa lishe ni mazungumzo ya kumsaidia mtu kubadili ulaji wake kwa kuanzia na chakula alicho nacho. Mkoani Iringa, Tanzania, ulishika kasi kuanzia 1983, serikali, UNICEF na WHO zilipoanzisha mpango wa lishe: watoto walipimwa uzito kijijini, kisha wanakijiji wakajadili sababu za utapiamlo, ukiwemo mzigo wa kazi wa akina mama. Ubora wa mpango huo ulikuwa katika majadiliano hayo. Iringa huvuna mahindi, maharage na viazi kwa wingi, lakini utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kitaifa ni asilimia 30. Kwa kuwa wingi wa mavuno pekee hautoshi, mnasihi huhimiza uji mzito wenye karanga au dagaa, na mtoto alishwe mara nyingi zaidi. Ushauri usiomfikia baba, mwenye kauli juu ya mauzo ya mavuno, haukamiliki.