Bonde Lisilo na Volkano

Ukuta wa Udzungwa unaouona kaskazini-magharibi mwa Ifakara ni kazi ya ardhi iliyopasuka: upande mmoja uliinuka, sakafu ya bonde la Kilombero ikadidimia, mito ikaijaza udongo huu unaootesha mpunga. Hapa moto haukutoka.

Kusini mwa Ziwa Natron, ulitoka na bado unatoka. Oldoinyo Lengai, “Mlima wa Mungu” kwa Wamaasai, hutema lava ambayo volkano nyingine yoyote hai duniani haitoi. Imejaa kaboneti za sodiamu, ndiyo maana huyeyuka kwa joto dogo, takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selisiasi, nusu tu ya joto la lava za kawaida. Mchana huonekana nyeusi kama oili chafu, nayo hutiririka upesi. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Weupe ule wa kileleni si theluji, ingawa wageni wengi hudhani hivyo.

Mwaka 1966 na tena 2007 mlima ulilipuka kwa kishindo na kurusha majivu. Baadaye lava ilirudi, ikatulia ndani ya kasoko.

Volkano za jirani zaidi na Ifakara ni za Rungwe, mkoani Mbeya. Kati ya hizo, Mlima Kyejo ulimwaga lava mnamo 1800 hivi.